Just A Band, toleo la pili: naitetea "82"

Hapa Awendo ukitaja muziki wa kompyuta, watu wanakuuliza kwanza kama umechoka na benga. Sijachoka. Lakini kuna ubishi ambao nimeusikia mara nyingi, na leo nataka kuujibu.

Kwa wasiowajua, Just A Band ni vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta: Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Walitengeneza muziki wa kielektroniki wakati redio za Nairobi zimejaa genge na kapuka. Albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka 2008. Ya pili, 82, ikafuata 2009. Mwaka mmoja tu!

Ubishi wenyewe ndio huu: ile ya kwanza ilikuwa na "Iwinyo Piny", jina la Kiluo kabisa, na sisi wa huku tukajiona tumo. Ya pili ikaja na "Usinibore", "Huff + Puff" na "Ha-He". Basi watu wakasema jamaa wamehamia mjini na kutusahau.

Uchungu huo nauelewa. Siukubali.

Mimi huandika programu, na nikisikiliza albamu ya kwanza nasikia toleo la kwanza la programu yoyote: kila wazo limetiwa ndani kwa sababu lilikuwepo. Inapendeza, lakini imejaa. Kwenye 82 nasikia watu waliojifunza kufuta. Chukua "Ha-He": besi na mdundo vinatangulia, maneno yanakuja baadaye. Kufuta ni kazi ngumu kuliko kuongeza, muulize mtengenezaji programu yeyote.

Na nafasi iliyobaki wazi ikajazwa na wasikilizaji. Machi 2010 ilitoka video ya "Ha-He" ikiwa na Makmende, yule shujaa wa Sheng ambaye inasemekana jina lake lilizaliwa kwa kusikia vibaya maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya 1983, Sudden Impact. Wakenya wakamvamia Twitter na Facebook, kila mtu na kisa chake. Wikipedia ikafuta makala yake zaidi ya mara moja kabla ya kukubali kuiacha. Kumbukeni mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika Mombasa Julai 2009 tu. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na video moja ilikuwa inakula hela yako yote ya saiba.

Hasara ni kwamba Makmende aliimeza albamu. Wengi wanamjua yeye na hawawezi kutaja wimbo mwingine hata mmoja. Hilo linaniudhi kuliko suala la lugha, maana ndani ya 82 kuna "Migingo Express". Migingo! Kisiwa kile kidogo cha wavuvi upande wetu wa Migori, ambacho mwaka huohuo wa 2009 Kenya na Uganda zilikuwa zinakigombania. Sasa nani amesahau nani?

Albamu ya tatu ilikuja 2012 na wakaiita Sorry for the Delay, utani ambao mtu wa programu anauelewa mara moja. Lakini kama hujawahi kuwasikiliza, anza na 82, na tafadhali usitumie spika ya simu. Besi yote itapotea.