Msomi wa Sera Atatufaa Nini?

Mpwa wangu mmoja, msichana aliyesomea hesabu na ambaye kwa miaka minne sasa anafundisha skuli ya sekondari, ametaka ruhusa ya wazee wake aende Nairobi kusoma shahada ya uzamili, yaani digrii ya pili, katika sera za umma. Karo ni nyingi. Mamaye, ambaye ni dada yangu, yuko tayari kuuza fungu lake la shamba la minazi tulilorithi kwa baba yetu. Hapo ndipo maneno yalipozuka.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, tulikaa barazani tukalizungumza jambo hili. Mzee mmoja wa ukoo wetu, mtu wa busara asiyependa kumvunja kijana moyo, aliuliza: "Mwanangu, daktari twamjua, kadhi twamjua, mhandisi twamjua. Huyu wa sera ni nani? Nikiwa na haja nikamwendea, atanifaa nini?" Msichana alijaribu kueleza, lakini kila alipofika penye neno zito aliingia katika Kiingereza. Wazee wakanigeukia mimi, mjomba wake. Niliomba muhula wa juma moja. Haya niandikayo ndiyo majibu yangu, nami nayaandika hapa kwa kuwa naamini si nyumba yetu peke yake yenye swali hili.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Zamani tulikuwa na neno siasa, nalo lilibeba maana mbili: mashindano ya kutafuta madaraka, na pia mpango ambao mwenye madaraka huufuata katika kutawala. Maana hii ya pili leo tumeipa jina la sera. Wala si elimu ngeni kwetu Waislamu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ana kitabu mashuhuri juu ya siasa ya kisharia. Ama masomo haya kwa sura yake ya leo yalistawi Marekani. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilifungua skuli yake ya sera mwaka 1969. Hapa Kenya serikali iliunda taasisi ya utafiti wa sera, KIPPRA, mwaka 1997, na leo vyuo vikuu vyetu kadhaa vyatoa shahada hiyo.

Mwanafunzi hufundishwa uchumi, takwimu, sheria na utawala. Lakini kiini cha masomo yote hayo ni maswali manne. Shida yenyewe ni ipi? Njia za kuitatua ni ngapi? Kila njia itamgharimu nani na kumfaidi nani? Na tukishaichagua moja, tutajuaje kama imefaa au imedhuru?

Swali hilo la nne linanikumbusha kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, ambacho wengi wetu tulikisikia chuoni tukiwa wadogo. Umar aliweka kanuni kwamba mtoto ataandikiwa posho kutoka Baitul Mali akishaachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulituama Madina, naye akatoka kuulinda. Akasikia mtoto akilia. Akamwendea mama na kumsihi amtulize mwanawe, kisha akarudi mara ya pili na ya tatu. Mwisho yule mama, bila ya kumjua aliyesimama mbele yake, akasema kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Imepokewa kwamba alfajiri ile Umar alisalisha huku akilia. Baada ya sala akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kwani posho itaandikwa tangu mtoto azaliwapo. Akapeleka waraka huo katika miji yote.

Tazama, msomaji. Kanuni ya kwanza haikuwa ya dhuluma. Nia yake ilikuwa njema. Lakini katika nyumba za watu ilizaa jambo ambalo mwenye kuitunga hakulikusudia, na aliyelipa gharama ni mtoto mchanga asiyeweza kupeleka malalamiko popote. Umar aliyajua hayo kwa sababu alitoka usiku, akauliza, na alipojibiwa hakuona haya kuibadili kanuni yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo zima la sera za umma.

Sasa tuje kwetu Pwani. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, ulioeleza njia ya uchumi wa taifa jipya. Mlikuwa na shauri moja ndani yake: ili nchi ikue upesi, fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi, palipo na ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na umeme. Kwa hesabu ya daftari, shauri hilo halina kosa. Lakini muulize mtu wa Tana River au wa Kwale ya ndani maana yake ilikuwa nini. Asiye na barabara hakupewa barabara, kwa kuwa hana barabara.

Ilichukua miaka mingi kuligeuza jambo hilo. Katiba ya 2010 iliunda Mfuko wa Usawazishaji kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma, na Tume ya Ugavi wa Mapato, katika sera yake ya mwaka 2013, ikazitaja kaunti 14 za kusaidiwa. Kati ya hizo, 5 zilikuwa za Pwani: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Katika kaunti zetu 6, ni Mombasa peke yake isiyokuwamo. Basi aya chache za mwaka 1965 zilihitaji karibu miaka 50 na katiba mpya kuanza kusahihishwa. Je, twaweza kusema kwamba uandishi wa aya kama hizo si kazi?

Wako watakaosema kwamba siku hizi wananchi huulizwa kabla ya jambo kupitishwa. Ni kweli. Kifungu cha 10 cha Katiba chautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Lakini nami nimehudhuria mikutano hiyo. Katika mmoja tulikabidhiwa asubuhi ileile kitabu kinene cha Kiingereza kitupu. Tuliketi, tukasikiliza hotuba, tukanywa chai kwa sambusa, tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio. Wazee walisimama wakasema kwa uchungu mambo ya kweli, lakini hakuna aliyeweza kusema ukurasa gani una kosa gani. Jioni tulirudi majumbani, na sahihi zetu zikabaki kuwa ushahidi kwamba tumeshirikishwa.

Linganisha na yaliyotokea Lamu. Serikali ilikuwa imekubali kijengwe kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, cha megawati 1,050. Watu wa Lamu walilalamika kama tunavyolalamika sote. Lakini hawakukomea hapo. Waliisoma ripoti ya mazingira, wakaichambua, wakaleta wataalamu, wakafika mbele ya Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Mwezi wa Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mradi, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uchungu wao haukuwa mkubwa kuliko wetu katika ule mkutano. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na watu waliosoma karatasi.

Haya yote hayamaanishi kwamba shahada ni dawa ya kila kitu. Wako waliosoma sera wakabaki kuandika ripoti za kuwapendeza waliowalipa, wasimsikie mtoto alie wala mama asemavyo. Wako waliohitimu wakahangaika kutafuta kazi. Wako pia waliokwenda mji mkuu wasirudi. Namwambia mpwa wangu haya waziwazi, asije akadanganyika.

Na ipo mas'ala ya fedha. Mikopo mingi ya masomo ina riba. Hata ule wa serikali kwa digrii ya kwanza umekuwa na riba ya asilimia 4 kwa miaka mingi. Yule anayeikimbia riba hubaki na mali ya urithi, au hubaki nyumbani. Hili lenyewe ni jambo la sera. Aliyeuweka mpango huo huenda hakukusudia kumfungia Muislamu mlango, lakini hakuwapo barazani mtu wa kumwambia.

Shauri langu kwa ukoo ni hili. Shamba lisiuzwe, ardhi ikitoka mkononi hairudi. Sisi wajomba na ami zake tumkopeshe karo kwa karadha njema isiyo na riba, iandikwe na ishuhudiwe, naye atalipa kidogo kidogo atakapopata kazi. Na liwe sharti moja: kila likizo arudi, akae na wazee, awasomee kwa Kiswahili chepesi waraka wowote wa kaunti unaowahusu, mpaka waufahamu. Akishindwa kutueleza sisi, atakuwa hajahitimu bado.

Na kwa mzee wetu aliyeuliza, jibu langu ni kwamba huyu hatakupa dawa wala hatakujengea nyumba. Lakini watakapokuita tena mkutanoni na kukupa kitabu kinene, utakuwa na mtu wa kukaa kando yako aliyekwisha kukisoma. Ijumaa hii tutakaa tena, inshallah, na neno la mwisho ni lao wazee.