Daftari la CRE nyumbani kwa Muislamu



Ndugu wazazi, wiki iliyopita baada ya swala ya Ijumaa hapa Rwekubo tulibaki msikitini kwa jambo moja. Binti wa mwenzetu, aliye kidato cha pili, alirudi nyumbani na daftari la CRE. Shuleni kwao hakuna mwalimu wa IRE, basi akawekwa darasa moja na wenzake Wakristo. Baba yake alikasirika, akataka kumtoa shule.

Tulimsihi asifanye hivyo. Si kila mzazi ana karo ya kupeleka mtoto bweni Mbarara, na binti akikaa nyumbani atapoteza hisabati na sayansi pia.

Tuseme ukweli. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2020, somo la dini ni la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na mwanafunzi husoma ama CRE ama IRE. Kidato cha tatu linakuwa la kuchagua. Asiyepata msingi mapema atalichaguaje? Kwa hiyo kuomba mwalimu wa IRE si kuomba fadhila. Lakini nani kati yetu aliyewahi kumwendea mwalimu mkuu kumuuliza? Mikutano ya wazazi tunawaachia wengine, kisha tunalalamika barazani! Sasa barua imeandikwa, na inshaallah tutaipeleka wenyewe.

Lililotushughulisha zaidi ni swali la yule binti. Alimuuliza baba yake: "Wenzangu wanasema Nabii Isa ni mwana wa Mungu. Niwajibu vipi bila kugombana?" Baba hakuwa na jibu, na sisi wengine tulijitazama tu.

Nakivale ipo tangu 1958. Mtoto wetu anakaa dawati moja na Mkongomani Mkatoliki, Mrundi Mpentekoste na Msomali Muislamu mwenzake. Kwenye simu anakutana na wanaosema Mungu hayupo kabisa. Kumfungia mlango hakutamlinda. Qur'ani haikuzificha hoja za wanaokanusha Akhera. Imezitaja na kuzijibu.

Tumkumbuke Swahaba Ja'far bin Abi Twalib (R.A.), mkimbizi kama wengi wetu. Aliposimama mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, aliulizwa kuhusu dini yake. Aliieleza kwa adabu, kisha akasoma mwanzo wa Surat Maryam. Alijua anazungumza na nani.

Madrasa zetu zinahifadhisha vizuri, alhamdulillah, lakini kijana wa sekondari anahitaji pia mahali pa kuuliza. Tumekubaliana kila Jumamosi baada ya adhuhuri vijana walete madaftari yao, ya IRE au ya CRE, ustadhi ayapitie pamoja nao.

Binti amerudi shule. Jumamosi hii ustadhi ataanza na swali lake, na baba yake ameahidi kuwepo.

Wabillahi tawfiiq.