Kristu Asiyetudai Kitu

Tangu miezi kadhaa swali moja linazunguka katika vikundi vyetu: kama Yezu angekuja leo, angekaa wapi, na angesema nini juu ya Kanisa lake? Swali hilo limezaliwa na riwaya. Mwenzetu mmoja aliipata, akaisoma, akaanza kutusimulia baada ya mkutano, na kwa kuwa kisa chake ni kitamu, kila Jumapili wasikilizaji waliongezeka. Leo wako vijana wanaoisifu kuliko katekisimu, na wako wazee wanaotaka isitajwe tena ndani ya ua wa parokia. Sisi tumeisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Tunaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Na kosa la wanaoisifu ndilo zito zaidi, kwa sababu ni letu sisi wenyewe.

Riwaya hiyo inaitwa Joshua. Mwandishi wake ni Joseph Girzone, padri Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Albany, katika jimbo la New York, akapewa daraja la upadri mwaka 1955. Mwaka 1981 ugonjwa ulimlazimisha kuacha kazi za parokia. Akachukua kalamu, na mwaka 1983 akachapisha riwaya hiyo kwa nguvu zake mwenyewe. Baadaye ilipata mchapishaji mkubwa, ikafuatwa na nyingine za mfululizo huo, na mwaka 2002 ikatengenezewa filamu. Mwandishi aliaga dunia mwaka 2015.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mtu mmoja anafika Auburn, mji mdogo wa Marekani, anaishi peke yake katika nyumba ndogo pembeni, akichonga mbao. Hana mali wala hatafuti sifa. Wenyeji wanamdadisi, wanamzoea, wanampenda. Anawatembelea Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi, na kila mahali anasema kwamba viongozi wa dini wameigeuza imani kuwa mzigo wa kanuni. Hatimaye habari zake zinawafikia wakubwa wa Kanisa, naye anaitwa Roma. Jina lake peke yake linatosha kumfunua, maana Yoshua na Yezu ni jina moja katika asili yake ya Kiebrania.

Tuanze na wazee wetu. Tunawaheshimu, lakini katika jambo hili hatuwezi kuwafuata. Riwaya hii haikuandikwa na adui wa Kanisa. Iliandikwa na padri aliyetaka kuwakumbusha waamini kwamba Yezu aliketi mezani pamoja na wenye dhambi, na kwamba sheria isiyo na huruma humfukuza yule hasa aliyetafutwa na Mchungaji. Somo hilo ni la Injili, na sisi sote tunalihitaji. Zamani Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 1954 riwaya moja ya Nikos Kazantzakis, mwandishi Mgriki, iliingizwa humo. Tangu mwaka 1966 orodha hiyo haina tena nguvu ya sheria. Maana yake si kwamba kila kitabu ni chema. Maana yake ni kwamba mwamini amekabidhiwa dhamiri yake, ailee na kuitumia. Kijana akikatazwa kusoma mbele ya mlezi wake atasoma gizani, na huko gizani hatakuwa na wa kumwuliza.

Sasa tujigeukie sisi wenyewe.

Tulipokuwa tukisoma, kila mmoja wetu alikuwa upande wa Joshua. Hakuna hata mmoja aliyejiona katika wale waliomshuku. Tulicheka viongozi walipoaibishwa, tukataja kwa kunong'ona majina ya watu wa hapa kwetu waliofanana nao. Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo? Kwa sababu mwandishi ametupa siri tangu mwanzo. Sisi tunajua mchonga mbao huyo ni nani. Wale walio ndani ya kitabu hawajui. Kwa hiyo tunakaa juu yao kama mahakimu, na hukumu yetu haitugharimu kitu.

Katika Injili hakuna aliyepewa nafasi hiyo. Watu wa Nazareti walimwona mwana wa fundi waliyemjua tangu utoto wake. Petro, aliyekula naye, alimkana mbele ya mjakazi. Yuda, aliyeshika mfuko wa fedha, alimuuza. Wale waliomwangusha Bwana zaidi ya wote hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa kikundi chake. Msomaji anayefunga riwaya akisema, "Mimi ningemtambua," hajaisoma Injili vizuri. Nyani haoni kundule.

Jambo la pili. Auburn ni mji wa amani. Yule mchonga mbao hadai mengi kwa wenyeji wake: wamsikilize, wapendane, waache kiburi cha madhehebu. Hakuna anayepaswa kugawa nyumba yake. Hakuna anayeulizwa amelala wapi mtoto wa jirani. Ndiyo maana wanampenda upesi, na ndiyo maana na sisi tulimpenda upesi.

Linganisheni na riwaya nyingine ya Kazantzakis yule yule, aliyoiandika mwaka 1948, juu ya Kristu anayesulibiwa upya. Humo hakuna Kristu anayeshuka. Kijiji cha Wagriki, chini ya utawala wa Waturuki, kinachagua watu wake wataoigiza mateso ya Bwana: huyu atakuwa Petro, huyu Yuda, na mchungaji wa kondoo aitwaye Manolios atakuwa Kristu. Kabla ya siku ya mchezo, wakimbizi wenye njaa wanafika kutoka kijiji kilichoteketezwa. Padri wa kijiji na matajiri wanawafukuza. Manolios anasimama upande wa wakimbizi, na wanakijiji wenzake wanamwua. Hatusemi kwamba mafundisho yote ya mwandishi huyo ni salama. Tunasema kwamba alijua jambo ambalo Joshua hauligusi sana: Kristu akifika, hodi yake hubisha kwenye ghala letu la chakula.

Nasi tunalazimika kuungama hapa. Katika majuma yale yale tuliyokuwa tukibishana kama tungemtambua Joshua, ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa familia zilizokimbia vita. Walilala juu ya sakafu, wamejitandikia vitenge. Watoto walikohoa usiku kucha. Sisi vijana tulifanya nini? Tulimwandikia Paroko barua nzuri, yenye salamu na heshima zote, tukauliza ni lini tutarudishiwa ukumbi kwa ajili ya mazoezi ya kwaya. Barua hiyo haikuandikwa na baraza la wazee, wala na makasisi wa riwaya. Tuliiandika sisi, wapenzi wa Joshua, tukatia sahihi.

Jambo la tatu linawahusu wale wanaosema kwamba, kwa kuwa Joshua aliwakemea viongozi wa dini, basi mtu mwenye Yezu moyoni hana tena haja ya Kanisa. Ndugu zetu hao wamesoma nusu ya kisa. Joshua hakuanzisha dhehebu. Hakukusanya fungu la kumi. Hakuwaambia watu wa Auburn wayaache makanisa yao wamfuate yeye nyumbani kwake. Alipoitwa Roma, alikwenda. Anayekemea nyumba ya baba yake kwa sababu anaipenda ni mtu mmoja. Anayetafuta sababu ya kutoka ni mtu mwingine, naye asijifiche nyuma ya kitabu.

Tena, wakitoka wanakwenda wapi? Katika miji yetu hakukosekani mtu mwenye sauti tamu anayejitangaza kuwa ametumwa na mbingu kwa ajili ya nyakati hizi. Leo anaponya, kesho anadai. Yezu mwenyewe alituonya juu ya wale watakaokuja kwa jina lake wakiwapotosha wengi. Riwaya inayotuzoeza kumngoja mwalimu wa kimungu, mpole na mwenye kuvutia, kwenye mlango wa kijiji, inaweza kuufungua moyo wa kijana kwa yeyote atakayekuja amevaa upole huo. Hilo silo lililokusudiwa na padri Girzone, lakini msomaji asiye na macho anaweza kulipata humo.

Sasa tuseme lililo la msingi. Swali la riwaya ni hili: tungemtambua? Fungueni Injili ya Matayo, sura ya 25, mtaona kwamba Bwana hakuweka swali hilo siku ya hukumu. Someni kwa makini. Walio mkono wa kushoto wanashangaa, wakiuliza ni lini walimwona akiwa na njaa. Lakini walio mkono wa kuume nao wanashangaa vilevile! Wenye haki pia hawakumtambua. Walimpa chakula mtu mwenye njaa bila kujua ni nani. Walimkaribisha mgeni wakidhani ni mgeni tu. Hakuna upande hata mmoja uliomtambua. Kilichowatenganisha ni walichofanya. Basi sisi tunapoteza jioni zetu tukibishana juu ya swali ambalo hatutaulizwa, na tunalikwepa lile ambalo karatasi yake ya mtihani tumekwisha kuonyeshwa.

Tena mfano uko karibu, hatuna haja ya kwenda Auburn. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa kijana msomi, mwenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa aliyopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Alitekwa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Kilichomjia mpakani kilikuwa shehena mbovu na fedha za kumnyamazisha. Ndani yake alimwona mtu asiyemjua, mama fulani sokoni ambaye angenunua chakula kile na kuwapikia watoto wake. Kwa ajili ya mtu huyo alikufa. Huyo ndiye aliyekutana na Kristu katika nyakati zetu, saa za kazi, mbele ya karatasi ya kutia sahihi.

Vijana wapendwa, someni Joshua, mkitaka. Isomeni pamoja, na mlezi akiwapo. Mtakapofika mahali mnapotaka kucheka kiongozi aliyeaibishwa, simameni kidogo, mkajiulize: katika kikundi chetu, huyu ni nani? Je, si mimi, mshika fedha, ninayechelewesha hesabu? Je, si mimi, mwimbaji, ninayemnunia mgeni aliyekaa kwenye benchi langu? Riwaya ikiwafikisha kwenye swali hilo, imefanya kazi njema, na mwandishi wake apumzike kwa amani. Isipowafikisha huko, imewapa Kristu wa kustarehesha tu, asiyedai kitu, na huyo siye aliyekufa juu ya msalaba.

Kwa upande wetu, tumekwenda kwa Paroko kumwomba aturudishie ile barua. Hakutukemea. Aliitoa mezani, akatukabidhi, akatuuliza kama tunajua kupika kwa sufuria kubwa. Tangu Jumamosi iliyopita tunapokezana: wasichana na wavulana, watano asubuhi, watano jioni, wengine kuteka maji, wengine kukaa na watoto ili mama zao wapate kulala. Mazoezi ya kwaya yanafanyika nje, chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, tunaimba tukiwa tumebanana barazani, na wale waliomo ukumbini wanatuitikia kutoka ndani.