Faraja Isiyofunga Mdomo
Matangani Pwani, wiki hii kama wiki nyingine, mfiwa huambiwa maneno yale yale kabla hajakaa vyema mkekani: kazi ya Mungu haina makosa, jikaze. Nusu ya kwanza humpunguzia lawama anazojitwika, kwamba angemwahisha marehemu hospitali, angepona. Nusu ya pili humziba mdomo. Uwili huo wa imani umejadiliwa tangu zamani. Freud, mwasisi wa tiba ya uchanganuzi wa nafsi, katika kitabu chake cha mwaka 1927, aliiona dini kuwa njozi ya mtu mzima anayetamani bado kulindwa na baba. Miaka 70 baadaye Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, alipambanua: anayemwona Mungu kuwa mshirika wake katika tabu huelekea kustahimili, ilhali anayeuona msiba kuwa adhabu, au dalili ya kutupwa, dhiki humzidia. Dini zenyewe hazikuwanyima watu kilio. Mjane wa Kiislamu asiye mjamzito hukaa eda miezi 4 na siku 10, muda unaokiri kwamba huzuni haiishi kwa siku moja; Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim, na Injili ya Yohana inaeleza kuwa Yesu alilia alipofiwa na Lazaro. Mficha machozi, usiku humuumbua. Imani, basi, humkomaza mtu pale inapompa nguvu ya kuyakabili maumivu, na humdumaza inapomkataza kuyataja. Anayemnyamazisha mfiwa kwa jina la Mungu hatetei dini. Anajikinga tu na kilio cha mwenzake.