Emu Dume Aachiwe Kiota Chake

Imekuwa desturi katika mashamba mengi ya emu, huko Australia na kwingineko, kuokota kila yai mara litagwapo na kulipeleka kwenye mashine ya kutotolea. Jike aliyeondolewa mayai huendelea kutaga, na kwa mfugaji ahesabuye mayai tu hiyo ni faida. Lakini mfugaji huyo huyo hulalamika baadaye kwamba madume wake hawajui kuatamia. Atajuaje dume ambaye hajapata kuona mayai yakiongezeka mbele yake?

Kuatamia ni kazi ya dume peke yake. (Mbuni wa nyika za Afrika Mashariki hupeana zamu, jike mchana na dume usiku; emu hana zamu.) Jike hutaga yai moja kila baada ya siku 3 hivi, yai la kijani kilichokolea, lenye uzito unaozidi nusu kilo. Mayai yakitosha, dume huyalalia. Homoni ya prolaktini huongezeka katika damu yake na hamu ya chakula hutoweka. Kwa muda wa siku 56 hivi haondoki ila kwa nadra. Huinuka tu kuyageuza mayai, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na uzito wake huweza kupungua kwa theluthi moja. Kwa hiyo dume aingiaye msimu akiwa amekonda hafai kulaumiwa akikiacha kiota. Alaumiwe aliyemnyima chakula miezi iliyotangulia.

Kiota chenyewe hakina makuu: majani, magome na vijiti juu ya ardhi. Kinachohitajika ni pembe tulivu, mbali na mbwa na wapita njia, na yai moja au mawili, hata ya bandia, yaachwe hapo kumvuta dume.

Majira nayo yaheshimiwe. Emu huzaa siku zinapofupika. Kusini mwa Australia jozi huungana Desemba na Januari, mayai yakaanza kuonekana mnamo Aprili. Ulaya hutaga katika baridi ya Desemba au Januari. Karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, ishara hiyo ni hafifu.

Watetezi wa mashine husema dume huvunja mayai na mvua huyaharibu. Ni kweli, hutokea. Hata hivyo, na watazame kuku: wa kienyeji huatamia bila kufundishwa, ilhali wale wa kisasa wa mayai, waliochaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya utagaji, takriban wamepoteza silika hiyo. Emu waweza kufikishwa huko huko bila mtu kukusudia.

Mwenye jozi 10 hatafilisika akiziacha 2 zilee zenyewe. Ila awe na ua wa pili tayari, kwani makinda wakishaanguliwa, dume humfukuza hata mama yao.