Mbuga Si Tambarare: Jibu kwa Wanaozicheka Picha za Treni

Nilikwisha kuapa kwamba sitatia tena neno katika ugomvi wa tafsiri. Umri umekwenda, macho yamechoka, na mtu aliyejifunza Kiingereza kwa kamusi kuukuu chini ya taa ya chemni hana haja ya kushindana na waliofunzwa madarasani. Lakini mwezi uliopita mswada wangu ulirudishwa, na ulirudishwa kwa ajili ya neno moja.

Mswada wenyewe ni tafsiri ya hadithi kadhaa za nchi ya majani iliyo katikati ya Marekani, ile wenyewe waiitayo prairie. Mimi niliandika “mbuga”. Mhariri, ambaye sitamtaja, aliikata “mbuga” kila ilipotokea na kuandika juu yake “tambarare”. Mahali niliposema kwamba farasi aliipanda mbuga akihema, akatia pembeni kwa wino mwekundu: “Tambarare haipandwi.” Nikampelekea picha kumi na mbili ziwe ushahidi. Zote ni picha za treni. Akacheka. Akasema, na alisema mbele ya watu, kwamba kupiga picha treni ni mchezo wa watoto wenye ndevu, na kwamba mshairi mzima hapaswi kuutolea hoja. Barazani kwetu nako walikuwapo waliocheka naye. Basi jibu langu ni kwao wote.

Tuanze na neno. Prairie ni neno la Kifaransa, na maana yake ni uwanda wa majani, malisho. Wafaransa waliolipeleka huko walitaja walichokikanyaga, nacho ni majani. Juu ya ubapa hawakusema kitu. Ubapa tumeutia sisi, tuliosoma jiografia kwa ramani iliyopakwa rangi moja, tukadhani rangi moja ni kimo kimoja. Wamarekani wenyewe hawana nafuu. Mwaka 2003 wataalamu watatu walichapisha kwa mzaha vipimo vya kuonyesha kwamba jimbo la Kansas ni bapa kuliko chapati ya maji, na mzaha huo ukaenea duniani. Mwaka 2014 wanajiografia wawili wakaipima nchi kwa dhati, kwa kadiri ya mtu anavyoiona akiwa amesimama chini. Wakakuta jimbo lililo bapa kuliko yote ni Florida, na Kansas ni la saba. Hao wawili nani anawataja barazani?

Niliwahi kuwa mgeni wa mpwa wangu aliyekuwa akiishi Wichita, humo humo Kansas. Siku za kazi alikuwa akiuguza wazee. Siku za mapumziko alikuwa akipiga picha treni, na picha zile kumi na mbili ni zake. Alinichukua kwa gari upande wa kaskazini-mashariki, tukapita Cassoday hadi karibu na Matfield Green, katika vilima vinavyoitwa Flint Hills, yaani Vilima vya Gumegume. Jina limesadifu. Ardhi yake ni mawe ya chokaa yaliyochanganyika na matabaka ya gumegume, na udongo wa juu ni mchache. Jembe la mlowezi lilipofika hapo lilikatika, akaliacha, akafuga ng'ombe. Kwa sababu hiyo majani yalibaki, na baadhi yake humzidi mtu kimo.

Hapa namwomba mhariri asome taratibu. Katika mbuga yote ya majani marefu iliyokuwapo Marekani ya Kaskazini, iliyosalia leo haifiki asilimia 4, na sehemu kubwa ya hiyo iko kwenye vilima hivyo vya Kansas. Ile iliyokuwa bapa ililimwa ikaisha. Imekuwa mahindi, imekuwa ngano, imekuwa maharage ya soya. Kumbe “tambarare haipandwi” ni kinyume cha mambo: tambarare ndiyo iliyopandwa mbegu, na mbuga iliyosalimika ni ile inayopandwa kwa miguu. Anayetaka kutafsiri prairie kwa neno la ubapa amechagua hasa kile kipande ambacho si prairie tena.

Atauliza: treni zimeingiaje? Zimeingia kwa kuwa jicho ni mvivu. Tulisimama kando ya njia ya changarawe, ng'ambo ya waya wa ng'ombe, mbali na reli. Hiyo ni njia kuu ya mizigo ya kampuni ya BNSF, inayounganisha Chicago na California. Mimi niliona majani na mawingu, na kwa kweli moyoni nilikuwa nikikubaliana na wanaosema ni bapa. Mara taa ikatokea kwa mbali. Nikajiandaa. Taa ikazama. Nikadhani imekata kona. “Mjomba, tulia,” akasema, “imeshuka bondeni.” Ikatokea tena, kubwa zaidi, ikazama tena. Mara ya tatu ndipo kichwa cha treni kilipopanda ukingo mbele yetu, na nyuma yake makontena yamelala juu ya mgongo mmoja wa nchi, yakashuka, yakapanda mwingine. Nchi niliyoitazama kwa muda mrefu bila kuiona ilionekana kwa kuwa chuma kilipita juu yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Reli ya mizigo haipendi mpando. Njia ikiinuka mita 1 kwa kila mita 100, wahandisi wamekwisha kuanza kulalamika. Treni hizo aghalabu huwa na urefu wa kilomita 2. Kwa mwinamo huo, kichwa kiko mita 20 juu ya mkia: hiyo ni nyumba ya ghorofa sita, nayo imetandazwa mbali kiasi cha jicho kutoitambua. Dereva yeye anaitambua. Kichwa chake kinaweza kuwa kinashuka ilhali kiuno kinapanda na mkia unashuka mteremko mwingine, na asipovuta na kufunga breki kwa adabu, viungio vya mabehewa hukatika. Ndiyo maana katika treni nyingi ndefu huwekwa vichwa vingine katikati au mkiani, vikiongozwa kwa redio kutoka mbele. Mwambieni dereva huyo kwamba yuko tambarare.

Najua hoja itakayofuata, maana mpwa wangu mwenyewe aliniambia kabla yenu. Lenzi ndefu hudanganya. Mpiga picha akisimama mbali sana na kuvuta kwa lenzi hiyo, vilima husongamana, na mwinuko mdogo huonekana kama kifua cha mlima. Ni kweli, na nimeona picha za namna hiyo, za machweo, zilizovimbishwa hadi zikatia haya. Lakini picha ya treni ina kitu ambacho picha ya mlima mtupu haina: ina kipimo chake ndani yake. Makontena mengi ni yale yale ya futi 40 tunayoyaona yakishushwa bandarini kwetu, na hata yale marefu zaidi ya huko yana urefu unaojulikana. Mtazamaji akitaka atayahesabu, kama msomaji anavyohesabu mizani za mshororo, na palipobanwa patajulikana kuwa pamebanwa. Mhariri wangu yeye aliandika “tambarare” bila kuhesabu chochote.

Wala sisemi habari ya vilima hivyo peke yake. Magharibi mwa Nebraska treni za makaa ya mawe kutoka Wyoming zimepita kwa miaka mingi katikati ya matuta ya mchanga yaliyovaa majani, mengine yakipita mita 100 kwa kimo. Mtu wa Lamu aliyezoea matuta ya Shela angeyatambua umbo lake mara moja, akastaajabu tu kuyakuta bila bahari. Na kule Alberta, Kanada, mto umeikata nchi kwenda chini, ukafanya bonde usiloliona mpaka ufike ukingoni. Daraja la reli la Lethbridge, lililokamilika mwaka 1909, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu na kimo cha karibu mita 96 juu ya Mto Oldman. Nani anajenga daraja la namna hiyo juu ya chapati?

Wapiga picha hawa nina ugomvi nao pia, nisije nikadhaniwa wakili wao. Wanajua namba ya kila kichwa cha treni na mwaka kilipoundwa, lakini ni wachache wanaokutajia kwamba vilima hivyo vilikuwa nchi ya Wakaw, watu ambao jina lao ndilo lililozaa jina Kansas, na kwamba walihamishwa huko mwaka 1873 wakapelekwa kusini, katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Reli na kamera ziliingia Kansas pamoja: mwaka 1867 Alexander Gardner alipita akiipigia picha njia ya reli ikijengwa kuelekea magharibi. Nilipomuuliza mpwa wangu habari za Wakaw hakuwa na jibu, na tulirudi Wichita kimya.

Ama wale wa barazani, hasa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyecheka kuliko wote, nawauliza jambo la hapa nyumbani. Tulikuwa na treni yetu ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza mwaka 1905, njia ya maili 7 hivi, na haikuifikia miaka ya thelathini. Wengi wetu tunaijua kwa nini? Kwa kadi za posta. Katika picha hizo kichwa cha treni kinapita katika kichochoro, moshi ukiramba kuta za nyumba, na watu wamejibanza milangoni. Upana wa njia ile, mavazi ya siku zile, kimo cha baraza, vyote vimehifadhiwa na mtu aliyekwenda kupiga picha treni. Mzee huyo kadi moja ameitundika sebuleni kwake, na akipata mgeni huanza nayo.

Nimemwandikia mhariri kwamba sibadilishi. Neno “tambarare” nimelifuta mahali pote arubaini na moja alipolitia, na farasi bado anapanda akihema. Mswada uko mezani kwangu, na picha ya saba, ile ambayo treni imeonekana mara tatu na katikati imemezwa na majani, nimeibandika kwenye jalada.