Haki ya Mwenye Damu

Wako watu wasemao kwamba uhandisi wa jeni ni ujeuri wa mwanadamu mbele ya Muumba wake. Kwao chembe za urithi ni siri iliyositirika mwilini, na yule aifunuaye na kuigeuza hujitia katika kazi isiyo yake. Hofu hiyo ina asili. Mwezi wa Novemba 2018 He Jiankui, mtaalamu wa China, alitangaza kuzaliwa kwa watoto pacha ambao aligeuza jeni zao wangali viinitete. Watoto hao hawakuwa wagonjwa wala hawakuweza kuulizwa, na mageuzi ya namna hiyo yaweza kurithiwa na vizazi vijavyo. Mwaka 2019 mahakama ya nchi yake ilimfunga miaka mitatu, nami sina neno la kumtetea.

Lakini elimu nzima haihukumiwi kwa kosa la mtu mmoja. Mimi nadai kwamba tumeitafuta dhambi ya elimu hii mahali pasipo pake. Hatukosi kwa kuigusa jeni ya mgonjwa ili apone. Twakosa kwa kumnyima dawa yule ambaye damu yake imetufundisha.

Mfano wetu na uwe selimundu, maradhi tuyajuayo vema. Chanzo chake ni badiliko la herufi moja tu katika jeni ya himoglobini. Airithiye jeni hiyo kwa mzazi mmoja aghalabu huishi salama, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Airithiye kwa wazazi wote wawili, chembe nyekundu za damu yake hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa, zikamletea maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, kiharusi, na pengine kifo cha utotoni.

Kinga hiyo ilijulikanaje? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, penye malaria, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha uthibitisho wake, uliotokana na uchunguzi wa watu wa Afrika Mashariki. Basi mlango mmoja mkubwa wa elimu ya urithi ulifunguliwa kwa damu ya watu wa huku.

Miaka ikapita. Mwaka 2012 Jennifer Doudna, Emmanuelle Charpentier na wenzao walionyesha njia ya kuikata jeni mahali palipokusudiwa, na mwaka 2020 wanawake hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu itumiayo njia hiyo. Chembe mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, jeni yao hurekebishwa ili mwili utengeneze tena himoglobini ya kijusi, kisha hurudishwa mwilini. Urithi wa wanawe haubadiliki. Asemaye kwamba huku ni kumwigiza Mungu, na atuambie kwa nini kwinini haikuwa hivyo.

Bei ya tiba hiyo nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na zaidi ya robo tatu ya watoto wazaliwao na selimundu duniani huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara. Hilo ndilo shtaka langu.

Watetezi wa bei hujibu kwamba mvumbuzi astahili ujira wake. Sikatai. Lakini misingi ya uvumbuzi huu iliwekwa vyuoni, kwa miaka mingi, na kwa fedha nyingi za umma. Nakataa hesabu imtajayo mwenye mtaji na kumsahau mwenye damu.

Wengine husema, Afrika itosheke na dawa za bei nafuu. Ni kweli kwamba haidroksiurea, dawa ya kumeza, ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa hupunguza maumivu, malaria na vifo. Basi na itolewe leo kila wilaya, na watoto wachanga wapimwe, maana mgonjwa haulizwi uji. Lakini uji wa leo usifanywe kisingizio cha kumnyima mgonjwa chakula cha kesho.

Twapaswa kufanya nini sisi wa vyuo? Kila sampuli ya damu itokayo kwetu iambatane na mkataba utajao haki ya mtoaji katika dawa itakayopatikana. Wanafunzi wetu wafundishwe kazi hii na kuifanya hapa hapa. Nasi wa lugha tutunge maneno yatakayomwezesha mama aliyeshika karatasi ya ridhaa kuelewa anachokiridhia. Bila hayo, damu itaendelea kusafiri kwenda kufundisha wengine, na mtoto wake ataendelea kulia usiku kwa maumivu ambayo dawa yake imekwisha kupatikana.